Mizinga Miwili ya Fort Jesus

Mizinga hii miwili ya Fort Jesus iliwahi kupigana. Mmoja ni wa Pegasus, manowari ya Waingereza; wa pili, wa kipenyo cha sentimita 10.5, ni wa Königsberg ya Wajerumani. Alfajiri ya Septemba 20, 1914, Königsberg iliikuta Pegasus bandarini Unguja ikitengenezwa mitambo, ikaizamisha. Mizinga ya Pegasus haikuweza kufika mbali kama ile ya Königsberg.

Kisha Königsberg ikajificha katika mikoko ya delta ya Rufiji. Boila zake mbovu ziliburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa na kurudishwa, kwa kamba na mabega ya Waafrika wengi mno, ambao kumbukumbu za vita hazikuwaandika majina. Kazi yao inastahili kutajwa kabla ya ushujaa wa nahodha yeyote.

Julai 11, 1915, Severn na Mersey, meli za Waingereza zenye kina kifupi zilizoweza kuingia mtoni, ziliishambulia Königsberg huku ndege zikielekeza shabaha kutoka angani. Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu, ikaendelea kupigana bara.