Mto Uliojificha Mchangani

Mgeni afikaye Ugogo wakati wa kiangazi, akaonyeshwa mto, mara nyingi hucheka, kwani aonacho ni mchanga mtupu. Sisi tuliozaliwa Miyuji hatukucheka. Kila kiangazi tulipelekwa kwa mjomba wetu upande wa Makutupora, tuchunge ng'ombe kando ya Kinyasungwe Ndogo, na huko ndiko tulikofundishwa kwamba mto haukufa, umejificha.

Mvua za Ugogo huanza Desemba na kukoma Aprili. Maji hushuka kwa nguvu siku chache, kisha huzama mchangani, mahali ambapo jua haliwezi kuyafikia. Mwezi wa Juni tulifukua kwa mikono tu tukayapata. Hata ilipofika Oktoba shimo lilipita kimo cha mtu, na mtoto mwembamba ndiye aliyetumwa chini kuteka kwa kipande cha kibuyu. Kazi hiyo ilikuwa yetu. Mjomba alikaa ukingoni akizitazama kuta za mchanga, na aliposema "Panda!" tulipanda bila kuuliza. Siku moja tulikawia, twakitafuta kibuyu. Ukuta ukaanguka, ukatufunika hata kifuani. Mjomba alitufukua. Kibuyu kilibaki huko.

Maji hayo yana habari kubwa kuliko watu wadhanivyo. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilivuka kwanza nyika ya Marenga Mkali, ndiyo kusema maji makali, ndipo ikaingia Ugogo na kiu yake. Watemi walitoza hongo ya nguo na shanga. Stanley aliilipa mwaka 1871, akanung'unika sana. Wasafiri wa Ulaya waliiona hongo kuwa unyang'anyi. Sisi, tuliowahi kuingia shimoni, twaona vingine. Maji waliyokunywa wapagazi mia yalipungua kwa ng'ombe wa mwenye kisima.

Kisha Wadachi walileta reli, ikafika Dodoma mwaka 1910. Toka Kilosa hata Gulwe waliifuatisha bonde la Mkondoa na Kinyasungwe, na mto huo wanaoucheka wageni umeing'oa reli mara nyingi, kama mwishoni mwa mwaka 2009. Na maji mengi yanywewayo mjini Dodoma hutoka katika visima virefu vya bonde lile lile la Makutupora.

Tulipopata cheti cha ualimu tulipewa darasa katika kijiji kimoja cha mtoni. Kiangazi kilipoanza, watoto wengine, hasa wasichana, walichelewa kila siku, nasi tuliwachapa. Ni aibu kuyasema haya, walakini yatupasa, kwani sisi ndio tuliopaswa kujua. Alfajiri moja tulishuka mtoni. Tukakuta ndoo zimepangwa mstari mrefu mbele ya shimo moja, na maji yakichuruzika polepole mno. Binti mmoja wa darasa letu alikuwa wa kumi na tisa. "Shikamoo, mwalimu," akasema, asiongeze neno.

Siku hiyo masomo yalianza saa nne.