Wati za kwenye boksi hazitoshi kuchagua amplifaya

WAPENZI wa sinema wanaotenga chumba cha kutazamia filamu nyumbani aghalabu hutumia fedha nyingi kununua spika nzuri, kisha huziunganisha na risiva yoyote yenye wati nyingi kwenye boksi. Matokeo yake ni milipuko ya filamu kusikika ikikwaruza, na wakati mwingine spika ndogo ya sauti nyembamba huungua.

Chanzo cha tatizo hilo ni ukinzani wa spika, ambao hupimwa kwa omu. Spika nyingi huandikwa omu 8, lakini kiwango hicho ni makadirio tu. Spika kubwa zenye koni kadhaa za besi huweza kushuka hadi omu 3 wakati wa sauti nzito.

Amplifaya inayotoa volti 20 kwenye spika ya omu 8 hupitisha ampea 2.5, sawa na wati 50. Volti hizo hizo kwenye omu 4 hudai ampea 5, na kwenye omu 2 ampea 10. Amplifaya yenye transfoma ndogo hushindwa kuzitoa, ikaanza kukata vilele vya mawimbi ya sauti. Mawimbi yaliyokatwa huzaa masafa ya juu, na hayo ndiyo huunguza spika ndogo. Hivyo amplifaya dhaifu iliyozidiwa inaweza kuharibu spika ambayo yenye nguvu zaidi ingeiendesha kwa usalama, jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliamini hadi liwafike.

Jambo jingine la kuangalia ni wepesi wa spika kugeuza umeme kuwa sauti, unaopimwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 za ziada zinahitaji wati mara mbili. Spika ya desibeli 84 hutaka wati mara nne ya ile ya desibeli 90 ili zisikike sawa.

Wati zenyewe husomwa kwa tahadhari. Herufi PMPO, zilizozoeleka kwenye redio za madukani, hazina kipimo kilichokubaliwa na ni bora kuzipuuza. Nchini Marekani, kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya iliwekwa mwaka 1974, na marekebisho ya mwaka 2024 yanataka kipimo kifanyike kwenye omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Hata hivyo, risiva ya chaneli 7 mara nyingi hutangazwa kwa wati zilizopimwa chaneli 2 tu zikifanya kazi.

Mnunuzi mwenye spika ngumu atafute amplifaya iliyotajiwa wati kwenye omu 8 na omu 4 pia. Ya pili ikikaribia mara mbili ya ya kwanza, hiyo ina akiba ya umeme. Mwenye risiva yenye matundu ya kuunganishia amplifaya ya nje anaweza kuongeza amplifaya ya chaneli 3 kwa spika za mbele, na risiva ikabaki na zile za nyuma.

Kwa vifaa vilivyoagizwa kutoka Marekani, volti zikaguliwe kwanza: vingi ni vya volti 120, wakati umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya 240.