Kuunganisha Mafaili ya PDF Kuwa Waraka Mmoja: Mwongozo kwa Ofisi za Parokia

Kabla ya ndoa kufungwa, Kanisa hudai ihakikishwe kwamba hakuna kizuizi cha kuifanya iwe batili au isiyo halali (Sheria ya Kanisa, kanuni 1066). Uhakika huo huletwa na karatasi: vyeti vya ubatizo vya wachumba wote wawili, vyeti vya kipaimara, fomu ya mahojiano na paroko, taarifa ya matangazo ya ndoa, na pengine barua ya kuomba kibali cha Askofu, kama vile katika ndoa ya mseto. Pale ambapo faili hilo hupelekwa katika ofisi ya Kansela kwa barua pepe, mara nyingi kila karatasi huskaniwa peke yake na kutumwa kama kiambatisho cha pekee. Likikosekana moja, au likipita bila kufunguliwa, kibali huchelewa huku siku ya harusi ikikaribia. Waraka mmoja wenye kurasa zilizopangwa huondoa hatari hiyo kwa sehemu kubwa, na kuuandaa si kazi ya fundi peke yake.

PDF ni nini

PDF ni umbo la waraka lililotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, ili waraka uonekane vilevile katika kila kompyuta na kila mashine ya kuchapisha. Mwaka 2008 lilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 32000-1. Ndani ya faili la PDF, kila kitu, iwe ukurasa, picha au aina ya herufi, hupewa namba yake, na kwa kawaida mwishoni huwekwa jedwali linaloonyesha mahali kila namba ilipo. Programu ya kusomea huanza kwa kutafuta jedwali hilo.

Ndiyo sababu mafaili mawili hayaungani kwa kubandikwa tu moja nyuma ya jingine: namba zingegongana, na kurasa za faili moja zisingeonekana. Programu ya kuunganisha huvipa vitu vyote namba mpya, hupanga kurasa zote katika orodha moja na kuandika jedwali jipya. Inapofanya kazi kwa namna hiyo, kurasa zenyewe haziguswi; mhuri na saini hubaki na ubora uleule wa mwanzo.

Maandalizi

Kwanza, skani kila karatasi ikiwa imenyooka, pande zote mbili kama nyuma kuna maandishi. Cheti cha ubatizo hasa kikaguliwe nyuma, kwa kuwa huko huweza kuandikwa maelezo kuhusu kipaimara au ndoa ya awali, nayo ndiyo anayoyatafuta Kansela.

Pili, weka mafaili yote katika folda moja na uyape majina yanayoanza kwa namba: 01-ombi, 02-ubatizo-bwana-arusi, 03-ubatizo-bibi-arusi, na kuendelea. Sifuri ya mbele ina kazi yake. Programu nyingine hupanga majina kwa kufuata tarakimu moja moja, hivyo 10 huja kabla ya 2. Lakini 02 hutangulia 10 daima.

Tatu, fanya nakala ya folda nzima, na uifanyie kazi nakala, si mafaili ya asili.

Kuunganisha

Kwenye kompyuta za Windows, Mac au Linux inaweza kutumika PDFsam Basic, programu isiyolipiwa. Ukiisha kuisakinisha, chagua kazi ya kuunganisha, buruta mafaili yako hadi dirishani, yapange kwa kuyasogeza juu au chini, taja jina la waraka mpya, kisha amuru kazi ianze.

Kwenye Mac ipo pia Preview, inayokuja na kompyuta yenyewe. Fungua faili la kwanza, onyesha picha ndogo za kurasa pembeni, kisha buruta mafaili mengine uyaachie katikati ya picha hizo, mahali unapotaka yakae. Angalia: Preview huweza kuhifadhi mabadiliko yenyewe ndani ya faili la kwanza. Hapo ndipo nakala uliyoifanya inapokuokoa.

Kwenye Linux, amri ya pdfunite hutosha: andika amri hiyo, kisha majina ya mafaili kwa utaratibu wake, na mwisho jina la waraka mpya. Ukisahau jina hilo la mwisho, programu itaandika juu ya faili lako la mwisho.

Faili lililofungwa kwa nenosiri sharti lifunguliwe kwanza na mwenye haki nalo. Faili lenye sahihi ya kidijitali litumwe peke yake, kwa kuwa sahihi hiyo huthibitisha kwamba faili halijabadilishwa, na kuunganisha huzaa faili jipya. Saini ya kalamu iliyoskaniwa haina shida hiyo.

Siri za watu

Zipo tovuti zinazounganisha PDF bila malipo. Nyingi hulichukua faili lako na kulipeleka katika seva za watu usiowajua. Kwa ratiba ya Misa au barua ya uchungaji hapana ubaya. Lakini faili la ndoa hubeba majina ya wazazi, tarehe za kuzaliwa, na pengine habari ya ndoa iliyotangulia. Kanuni 487 yaagiza hifadhi ya nyaraka ya Jimbo ifungwe, na ufunguo wake uwe kwa Askofu na Kansela peke yao. Roho ya agizo hilo haikomi mlangoni mwa kabati. Nayo sheria za nchi, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019, zinalinda habari za namna hii. Nyaraka za siri ziunganishwe ndani ya kompyuta ya ofisi tu.

Ukaguzi wa mwisho

Fungua waraka mpya na uupitie ukurasa kwa ukurasa. Jumla ya kurasa ilingane na jumla ya kurasa za mafaili yote. Hakikisha hakuna ukurasa uliopinduka, na kwamba kila mhuri na kila tarehe vinasomeka. Kisha taja katika barua pepe idadi ya kurasa, ili mpokeaji ajue kama kuna upungufu.

Waraka uliounganishwa ni nakala ya kutumia. Vyeti vyenye wino na mhuri vibaki katika hifadhi ya parokia, na ndoa ikiisha kufungwa iandikwe katika kitabu cha ndoa na katika kitabu cha ubatizo, kama Sheria ya Kanisa inavyodai.