Sheria za Usalama na Utulivu Uliokosekana: Funzo la Kenya

Kila ninapofundisha historia ya katiba ya Kenya, huanza na maisha ya mtu mmoja kabla ya kufungua kifungu chochote cha sheria. Mtu huyo ni Ramogi Achieng' Oneko. Alikamatwa Oktoba 1952 pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao, akahukumiwa kule Kapenguria mwaka uliofuata, kisha akashinda rufaa yake. Hata hivyo hakurudi nyumbani. Serikali ya kikoloni ilimshikilia kwa amri ya kizuizini hadi mwaka 1961, kana kwamba mahakama haikuwa imesema lolote. Uhuru ulipopatikana akawa Waziri wa Habari. Mwaka 1966 alijiuzulu na kujiunga na chama cha upinzani cha KPU. Mwaka 1969 aliwekwa tena kizuizini, safari hii na serikali iliyoongozwa na Kenyatta, mwenzake wa Kapenguria. Akatoka mwaka 1975.

Wanafunzi wangu huuliza: yawezekanaje aliyeonja uchungu wa kizuizini amwonjeshe mwenzake uchungu ule ule? Wengi hutafuta jibu katika tabia ya watu: uroho wa madaraka, woga, usaliti. Mimi huwaelekeza watazame pia sheria yenyewe, maana ilikuwapo kabla ya rais yeyote, na iliwasubiri wote.

Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Kanuni zilizotungwa chini ya tangazo hilo zilimpa mtawala uwezo wa kumfunga mtu bila mashtaka, kuhamisha vijiji vizima, kupiga marufuku mikutano na kufunga magazeti. Kufikia mwisho wa mwaka 1954, watu zaidi ya 70,000 walikuwa kambini. Hali hiyo ilipoondolewa Januari 1960, serikali ya kikoloni ilitunga sheria mpya ya kuhifadhi usalama wa umma, ili uwezo wa kuweka watu kizuizini usitoweke pamoja na tangazo. Bendera ya Uingereza iliposhushwa Desemba 1963, sheria hiyo haikushushwa. Mwaka 1966, KPU ilipozaliwa, Bunge lilirekebisha katiba na kulegeza masharti yaliyokuwa yakiizuia serikali kutumia mamlaka hayo wakati wa amani. Kabla ya mwaka kwisha, viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikuwa wameshawekwa ndani.

Watetezi wa sheria za aina hii wana hoja moja ya nguvu, na haifai kuibeza. Wanasema uhuru hauna maana pasipo amani, na kwamba serikali inayosubiri ushahidi kamili huenda ikazika raia wake kwanza. Basi na tuipime hoja hiyo kwa mizani yake yenyewe. Tuache kwa muda suala la haki, tuulize: je, utulivu ulipatikana?

Mwaka 1952, viongozi wa KAU waliokuwa wakizungumza hadharani walikamatwa kwa mkupuo. Lengo lilikuwa kuukata uasi kichwa. Lakini mauaji ya Lari yalitokea Machi 1953, wao wakiwa tayari korokoroni, na vita vya msituni vikapamba moto baada ya hapo. Kambi zilizodaiwa kurejesha utulivu ziliishia Hola, ambako wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo tarehe 3 Machi 1959, na wakubwa wakadai kwanza kwamba walidhurika kwa maji waliyokunywa. Kilicholeta amani hatimaye ni mazungumzo ya kikatiba kule Lancaster House na kuachiliwa kwa wafungwa.

Mwaka 1968 Bildad Kaggia, naye mfungwa wa zamani wa Kapenguria, alifungwa kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Mwaka uliofuata, baada ya ghasia na risasi za Kisumu za tarehe 25 Oktoba, KPU ilipigwa marufuku na viongozi wake, akiwemo Oginga Odinga, wakatiwa kizuizini. Oktoba 1975 wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa katika majengo ya Bunge kwa sababu ya maneno waliyoyasema ukumbini. Mahali pekee palipobaki pa kusemea yasiyosemeka nje pakawa napo pametiwa hofu.

Rais Moi aliwaachilia wafungwa wote wa kizuizini Desemba 1978, na nchi ikashusha pumzi. Lakini aliwaachilia watu tu, sheria aliibakiza. Kufikia Juni 1982 ilikuwa imeamshwa. Walioshikwa mwaka huo walikuwemo wahadhiri, miongoni mwao Al-Amin Mazrui, ambaye wasomaji wa fasihi ya Kiswahili wanamjua kwa tamthilia yake *Kilio cha Haki*, na Willy Mutunga. Mwezi huo huo kifungu cha 2A kiliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria. Tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga walijaribu kupindua serikali. Sidai kwamba kizuizini ndicho kilichozaa jaribio lile. Ninachosema ni kwamba sheria iliyotetewa kwa jina la usalama ilikuwa ikiwasaka walimu huku bunduki zikipangwa kwingine.

Julai 1990 hali ilijirudia. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwekwa kizuizini siku tatu kabla ya mkutano wa Saba Saba. Mkutano wa Kamukunji ulipigwa marufuku, waliouitisha hawakuwepo, na fujo zikalipuka vilevile, zikaenea mijini kwa siku kadhaa. Ukimfunga kiongozi wa umati, umati haufungiki. Unabaki bila mtu wa kuuzungumzia wala wa kuzungumza nao. Afisa yeyote wa wilaya aliyewahi kusimama mbele ya vijana wenye hasira anajua tofauti kati ya kundi lenye msemaji na kundi lisilo naye.

Pale Kenya ilipopata nafuu, ilikuwa kwa njia ya kinyume. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa. Mwaka 1997, katika makubaliano ya vyama vya Bunge yaliyojulikana kama IPPG, mamlaka ya kuweka watu kizuizini bila mashtaka yaliondolewa, na Sheria ya Utulivu wa Umma, iliyorithiwa kutoka mwaka 1950, ikarekebishwa. Mwandaaji wa mkutano hakuhitaji tena kuomba kibali. Alitakiwa kutoa taarifa kwa polisi kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Katiba ya mwaka 2010 ikaimarisha haki hizo. Mwaka 2011, Willy Mutunga, yule mfungwa wa mwaka 1982, aliapishwa kuwa Jaji Mkuu.

Kisha likaja tishio jipya, nalo la kweli. Westgate, Septemba 2013, iliua watu 67. Aprili 2014 serikali iliendesha msako mkubwa, maelfu wakakamatwa, wengi wao Wasomali, na wengine wakakusanywa katika uwanja wa Kasarani. Juni mwaka huo huo washambuliaji waliua watu zaidi ya 60 Mpeketoni na vijiji vya jirani, mbali kabisa na mitaa iliyosakwa.

Desemba 2014, katikati ya ngumi na karatasi zilizochanwa, Bunge lilipitisha Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Usalama. Ikatiwa saini kesho yake. Tarehe 23 Februari 2015, majaji watano wa Mahakama Kuu walibatilisha vifungu vinane. Kimojawapo kilimtisha mchapishaji wa habari au picha za kutia hofu kwa kifungo cha hadi miaka 3 au faini ya hadi shilingi milioni 5. Kingine kiliweka ukomo wa wakimbizi 150,000 katika nchi iliyokuwa ikihifadhi zaidi ya 500,000. Vifungu vingine, vikiwemo vya kunasa mawasiliano ili kuzuia ugaidi, mahakama iliviacha visimame. Ilipima kifungu kwa kifungu.

Wiki chache baadaye, tarehe 2 Aprili, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Yeyote anayetetea haki za raia hana budi kuutazama msiba ule usoni. Nami nimejiuliza: je, vifungu vilivyobatilishwa vingewaokoa wanafunzi wale? Tahadhari za shambulio zilikuwa zimetolewa. Kikosi maalumu kilikuwa Nairobi, na kilichukua saa nyingi kufika. Palipopungua ni utendaji. Kumfunga mhariri wa gazeti kusingeifikisha ndege Garissa mapema hata kwa dakika moja.

Wapo waliosema wakati ule kwamba asiye gaidi hana la kuogopa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipitishwa mwaka 2012, baada ya mswada wa awali wa mwaka 2003 kupingwa vikali, hasa na viongozi wa Waislamu waliohofia kwamba watu wao ndio wangelengwa. Wengi nje ya jamii hizo hawakujali. Mkuki kwa nguruwe. Mwaka 2025, baada ya maandamano ya Juni, vijana walioshukiwa kuchoma ofisi za serikali walifikishwa mbele ya mahakama kwa mashtaka ya ugaidi. Kuchoma ofisi ya umma ni kosa, na kosa hilo lilikuwa na adhabu yake katika kanuni ya adhabu tangu enzi za mkoloni. Kuliita ugaidi ni jambo jingine: dhamana inakuwa ngumu, adhabu inakuwa nzito, na kijana aliyebeba bango anajifunza kwamba jina lake linaweza kubadilishwa usiku mmoja.

Nawaandikia hasa wanafunzi wangu mtakaoingia katika utumishi wa umma. Mswada wa usalama utakapofika mezani pako, utaambatana na picha za msiba, na utaambiwa hakuna wakati wa kuusoma. Usome. Tazama kama amri inaweza kuhojiwa mahakamani, kama ina tarehe ya kuisha, na kama kosa limeelezwa kwa namna ambayo raia wa kawaida anaweza kulitambua kabla ya kulitenda. Kisha fikiria kwamba saini ya utekelezaji imo mkononi mwa mtu usiyemwamini hata kidogo. Oneko alikuwa waziri katika serikali iliyoirithi sheria ile ya mwaka 1960. Ilikuwa bado kabatini mwaka 1969 walipokuja kumchukua.