Shahidi Aliye Chini ya Jiwe

Mwaka 1861 David Livingstone aliona mawingu kama moshi yakielea juu ya Ziwa Nyasa. Walikuwa wadudu wadogo mfano wa mbu, wanaokulia majini. Wenyeji waliwakusanya, wakawakanda na kuwapika kama mikate. Mpaka leo wadudu hao huwaona mtu wa Lundo akitazama ziwani. Tumewajua kama kitoweo, na pengine kama kero. Kwamba mdudu wa majini aweza pia kutoa ushahidi, hilo limechelewa kutufikia.

Mwaka 1908 na 1909 Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, waliwapanga viumbe wa mitoni kwa kadiri wanavyovumilia uchafu. Hoja yenyewe ni nyepesi. Maji ya kwenye chupa hueleza habari za saa ile tu; taka zilizomwagwa usiku zimekwisha kupita. Buu anayeishi chini ya jiwe kwa miezi hana pa kukimbilia. Taka zikimaliza hewa majini, hufa, na mahali pake hubaki mabuu wekundu kama damu, wanaomudu hewa haba.

Afrika Kusini walitengeneza mizani yao, SASS, wakawapa wadudu alama 1 hadi 15. Jamii ya yule mwekundu hupata 2. Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Lulu Kaaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha mizani ya mito ya Tanzania, TARISS. Vifaa vikuu ni wavu, beseni na macho.

Nayasema haya kwa ajili ya Mbinga. Kahawa ya Umatengo huvunwa kiangazi, vijito vimepungua. Maji yaliyooshea kahawa yakiachiwa kijitoni, mabaki ya maganda huoza na kula hewa. Mkulima anaishi kwa kahawa hiyo; jirani wa bondeni anachota maji hayo hayo. Wakibishana bila ushahidi, atashinda mwenye sauti kubwa.

Basi msimu ujao, kamati ya maji na walimu wageuze mawe juu ya mtambo wa kumenyea kahawa, kisha wageuze mengine chini yake. Mabeseni mawili yawekwe kando kwa kando, mkulima na jirani wakiwapo. Hapo hatahitajika mtaalamu wa kutoka mjini kuwaambia nani anasema kweli.