Mpishi wa Merca na Ugonjwa wa Ndui

Mwombe babu au nyanya yako akuonyeshe kovu la chanjo ya ndui. Ugonjwa huo ulikomea jirani yetu, mjini Merca, Somalia.

Oktoba 1977, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali, alipanda gari kuonyesha njia watoto wawili wenye ndui walipokuwa wakipelekwa kambi ya kutengwa. Ilikuwa safari ya dakika chache tu! Mwenyewe alieleza baadaye kwamba aliogopa kuchanjwa. Siku kumi hivi zikapita, homa ikampanda. Wakadhani ni malaria, kisha tetekuwanga.

Ilipojulikana ni ndui, hospitali ilikatazwa kupokea wagonjwa wapya, polisi wakaweka vizuizi njiani, na kwa majuma mawili watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa. Utauliza, mbona yote mawili? Virusi vya ndui viliishi kwa binadamu pekee. Vikikuta majirani wote wana kinga, havina pa kuhamia. Lakini kinga huchukua siku kadhaa kujengeka, na siku hizo mgonjwa asipotengwa, ugonjwa hutangulia mbele ya chanjo.

Maalin hakumwambukiza mtu yeyote. Ndiye wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 26 Oktoba 1979, papa hapa Nairobi, Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Pembe ya Afrika haina ndui tena. Naye Maalin akaja kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio, akiwasimulia wazazi jinsi alivyoikwepa sindano, hadi alipofariki mwaka 2013.