Injini Isiyo na Maji Yachemkaje? Historia Fupi ya Maneno ya Kupoza Pikipiki

Fundi aliyeketi chini ya mwembe, akiletewa pikipiki iliyozimika njiani kwa joto, husema bila kusita kwamba imechemsha. Mteja humwelewa, na kazi huendelea. Lakini mfasiri aliyepewa jukumu la kukitia katika Kiswahili kitabu cha maelekezo cha chombo hicho hana budi kusimama hapo na kujiuliza: imechemsha nini? Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika miji na vijiji vyetu hazina hata tone la maji katika injini. Hupozwa kwa upepo tu. Kitenzi hicho basi kimetoka katika chombo kingine, na ndicho tunachotaka kukifuatilia katika makala haya.

Jambo hili si la mchezo wa maneno. Tuliwahi kuombwa kuipitia rasimu ya kijitabu cha mafunzo kwa waendesha bodaboda, na humo tukakuta sentensi iliyosema kwamba injini ikichemka, dereva afungue kifuniko cha rejeta aongeze maji. Mwenye pikipiki inayopozwa kwa upepo atakitafuta kifuniko hicho asikione. Na kwa kuwa kifuniko pekee kilicho ubavuni mwa injini yake ni kile cha oili, si ajabu akatia maji humo na kuiua injini. Mwenye pikipiki yenye rejeta atakiona, atakifungua ingali moto, na maji yatamrukia usoni. Mfasiri yule alikuwa mtu hodari wa lugha, na matini aliyofasiri ilisema wazi kwamba injini iachwe ipoe kwanza. Yeye alifuata maneno aliyoyazoea tangu utotoni, akiyasikia katika vituo vya malori.

Yafaa tuanze na jina la chombo chenyewe. Pikipiki limetokana na mlio wake, na hapakuwa na kamati iliyolipendekeza. Kuna mahali ambapo limesikika pia jina la tukutuku, ambalo nalo ni mlio, pamoja na dokezo la utundu kwa kila anayejua maana ya kutukutika. Wenzetu wa Kongo husema moto, kwa kulifupisha neno la Kifaransa, na hivyo wamejipatia tatizo ambalo sisi hatuna: kwao mtu aweza kusema kwamba moto imepata moto, na asiyekuwa mwenyeji wa huko asijue kama ameambiwa habari ya chombo au ya nyumba inayoungua.

Chombo hicho kilipoanza, maji yalikuwamo. Baada ya Daimler na Maybach kuunda gari lao la magurudumu mawili mwaka 1885 huko Ujerumani, pikipiki ya kwanza kuundwa kwa wingi na kuuzwa kwa umma ilikuwa ile ya Hildebrand na Wolfmüller wa München, mwaka 1894. Injini yake ilipozwa kwa maji, na tangi la maji hayo lilikuwa ndani ya bamba la tope la gurudumu la nyuma. Waingereza nao walikuwa na Alfred Angas Scott, ambaye kuanzia mwaka 1908 alitengeneza pikipiki zenye rejeta lakini zisizo na pampu: maji ya moto hupanda yenyewe, yaliyopoa hushuka, na mzunguko ukakamilika. Hata hivyo uzito wa maji na gharama yake viliwashinda wengi. Ikawa desturi ya pikipiki, kwa zaidi ya nusu karne, kupozwa kwa upepo wa mwendo wake unaopita katika mapezi ya silinda.

Mapezi ni neno ambalo tungependa kulisifu. Limechukuliwa kwa samaki, kama Waingereza walivyochukua la kwao, nalo limekaa vizuri kwa sababu mtu akiitazama silinda ya pikipiki huona kwa macho yake vile vibamba vilivyojipanga. Mwanafunzi haelezwi mara mbili kwamba tope likigandamana katikati ya mapezi, upepo haupiti na joto halitoki. Laiti istilahi zetu zote zingekuwa hivyo.

Maneno mengine yalikuja kwa njia ya gari. Rejeta, feni, mkanda wa feni, pampu, gasketi na silinda yalishika mizizi katika gereji, katika karakana za serikali na katika malori ya safari ndefu, mafundi wakiyasikia kwa Waingereza na kwa Wahindi waliowafunza kazi, na kuyapa irabu za Kiswahili. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulikia zaidi tahajia, vitabu vya shule na kamusi. Na Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1967, gereji zilikwisha kujitungia lugha yao. Katika lori la siku hizo maji yalichemka kweli. Mvuke uliruka, dereva akasimama mlimani, utingo akashuka na debe kwenda mtoni. Hapo ndipo kuchemsha kulipopata maana ya gari kushindwa, na tunaona kuwa si mbali kutoka hapo kufika kwa vijana wa leo wanaosema kwamba mtu amechemsha wanapokusudia kwamba kazi imemshinda.

Tuseme basi kwamba kila neno lina kumbukumbu ya mashine ya zamani yake. Feni ya lori ilizungushwa na mkanda kutoka kwenye injini. Kwa hiyo fundi aliyeambiwa kwamba feni haifanyi kazi aliutazama mkanda kwanza. Mwaka 1946 kampuni ya Piaggio ya Italia ilitoa Vespa, iliyobuniwa na Corradino D'Ascanio. Injini yake ilifichwa kando ya gurudumu la nyuma, mahali ambapo upepo wa mwendo haufiki. Kwa sababu hiyo feni ilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu tegemeo, ikafunikwa kwa bati linaloelekeza upepo kwenye mapezi. Feni hiyo haina mkanda wala swichi. Injini ikizunguka nayo huzunguka. Bajaji za magurudumu matatu za miundo ya zamani, ambazo zilipata jina kwa kampuni iliyoziunda, zilifuata mpango huohuo. Ubovu wake mkubwa hautoki katika feni, bali kwa fundi anayelivua lile bati ili afanye kazi kwa urahisi, asilirudishe. Feni huendelea kuvuma kwa nguvu, na upepo wake huishia hewani. Je, lile bati linaitwaje? Mafundi husema kava, na kava ni kila kitu: cha kiti, cha taa, cha betri. Kama lingeitwa kielekeza upepo tangu mwanzo, huenda lisingeachwa sakafuni.

Maji yalirudi katika pikipiki kubwa miaka ya 1970. Suzuki walitoa GT750 mwaka 1971, na Honda wakafuata na Gold Wing iliyoingia sokoni mwaka 1975. Inafurahisha kuona kwamba wenye Kiingereza nao hawakungoja baraza lolote: Waingereza waliibandika ile Suzuki jina la Birika, na Wamarekani wakaiita Nyati wa Majini. Kwa hiyo anayedhani kwamba ni fundi wetu peke yake anayefikiria chungu kinachochemka kila aonapo injini yenye joto, na atulie.

Pamoja na maji hayo ikaja feni ya namna ya tatu, inayoendeshwa kwa umeme wa betri na kuwashwa na swichi inayopima halijoto ya maji. Hapa ndipo istilahi zetu zilipoanza kuyumba, na hapa tutakaa kidogo.

Kwanza, jina la feni yenyewe. Pwani tulikuwa na upepeo uliosukwa kwa ukindu, ukiendeshwa kwa mkono. Kisha likaja panka, la Kihindi, ambalo asili yake ni kitambaa kilichotundikwa darini na kuvutwa kwa kamba. Likaja na pangaboi, linalotumika kwa feni ya darini na kwa rafadha ya ndege, na ambalo wasemaji wengi husikia panga ndani yake, wakayaita yale makombo yanayozunguka mapanga. Wapo wanaotaka neno la asili lirudishwe, ama upepeo ama kipepeo. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Upepeo huenda na kurudi, feni huzunguka. Na kipepeo kwa mtoto wa shule ni mdudu mwenye mabawa. Feni limekwisha kukaa gerejini, lina sauti ya Kiswahili, na halina maana nyingine ya kulisumbua.

La pili ni zito zaidi. Katika rasimu tuliyoitaja, mfasiri alitumia kidhibiti joto kwa vitu viwili. Kimoja ni vali iliyo katika njia ya maji, ambayo hufunga maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto la kutosha. Kingine ni swichi ya kuwashia feni. Kitabu cha asili kilisema kwamba vali hiyo hupimwa kwa kutumbukizwa katika sufuria ya maji yanayopashwa moto, na mtazamaji ataiona ikifunguka. Mwanafunzi atakayeifanyia hivyo swichi ya feni hataona kitu chochote kikifunguka, maana kinachokutana ndani yake ni nyaya. Ataihukumu kuwa ni mbovu, na kuitupa ikiwa nzima. Swichi ya namna hiyo hupimwa vingine. Swichi ya injini ikiwa imewashwa, nyaya zake mbili huchomolewa na kuunganishwa pamoja. Feni ikizunguka, ubovu uko kwenye swichi. Isipozunguka, hutazamwa fyuzi na rilei, na mwisho feni yenyewe hupewa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Kwa swichi yenye waya mmoja, waya huo hugusishwa kwenye chuma cha fremu. Sisi tunapendekeza vali ya halijoto kwa kile cha kwanza na swichi ya feni kwa cha pili.

Halijoto, tumesema, wala si joto. Walimu wa fizikia wanalijua pambano hili, na wanajua pia kwamba wengine husema jotoridi. Joto ni kitu kinachotoka kwenye injini na kuchukuliwa na maji. Halijoto ni kiwango kinachosomwa kwa nyuzi. Feni huliondoa joto, swichi huipima halijoto. Anayeyachanganya hayo hawezi kueleza kwa nini katika pikipiki nyingi feni huwaka halijoto inapokaribia nyuzi 100 za Selsiasi na bado maji hayajachemka. Sababu ni kwamba kifuniko cha rejeta huyabana maji, na maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Katika sufuria iliyo wazi mjini Arusha, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Ndani ya rejeta iliyofungwa barabara hupita 100 kwa mbali yakiwa yametulia. Kifuniko kikifunguliwa, ule mbano huondoka, na maji yote huchemka kwa mara moja. Hicho ndicho kinachoruka usoni. Kwa maneno mengine, rasimu ile ilimwambia dereva kwamba injini imechemka, kisha ikamwamuru afanye tendo litakaloichemsha.

Kuna tofauti nyingine ambayo lugha ya gereji huipuuza. Pikipiki inayozidi joto ikiwa kwenye foleni, lakini ikapoa inapokimbia, feni yake yapasa kushukiwa, kwani katika mwendo upepo hufanya kazi ya feni. Ile inayozidi joto hata katika mwendo wa kasi, feni haina hatia: maji yamepungua, au pampu imechoka, au vali imenata, au rejeta imezibwa na tope. Matini nyingi tulizoziona hutumia upepo kwa hali zote mbili. Tunaona yafaa kusema upepo wa mwendo na upepo wa feni, kila mahali, hata kama sentensi itarefuka. Kadhalika isemwe kama feni huvuta au husukuma. Feni iliyo nyuma ya rejeta aghalabu huvuta. Fundi akizibadilisha nafasi nyaya za mota yake itazunguka kinyume na kupambana na upepo wa mwendo, na mwenye chombo ataapa kwamba feni ni nzima kwa kuwa ameiona ikizunguka.

Sasa neno la jumla. Maofisa wengi hutaka nomino, kwa sababu fomu zao zina visanduku vinavyodai nomino, na tumekwisha kupelekewa uzidifu wa joto, ambao masikioni mwetu una harufu ya kodi. Kitenzi chatosha: injini imezidi joto. Kinafaa kwa injini ya maji na ya upepo. Kinafaa kwa dereva aliyepakia mishikaki mlimani, na kwa yule ambaye breki yake inashika bila yeye kujua. Kuchemka kubaki kwa maji. Fundi aliye chini ya mwembe hatumwombi abadili usemi wake, kwani yeye anakiona chombo anachokisema. Mwenye kusoma kijitabu hakioni.

Rasimu ile ilirudishwa kwa mfasiri pamoja na maelezo haya. Sentensi yake sasa imekuwa tatu: injini ikizidi joto, simama na uizime, kama ina rejeta, usiguse kifuniko mpaka uweze kukiwekea kiganja bila kuungua, kama haina, safisha mapezi na upime oili. Mhariri wa kijitabu alilalamika kwamba ukurasa umejaa. Tulimshauri aiondoe picha ya jalada la ndani.